Valvu ya kuzuia maji kurudi: baada ya miezi minne Shangani, Mtwara

Valvu hii ya shaba ya nusu inchi niliinunua katika duka moja la vifaa vya ujenzi mjini, na fundi bomba akaifunga mara baada ya mita, mshale wa ubavuni ukielekea ndani. Zamani, maji ya mtaa yalipokatika, mpira uliozama kwenye ndoo ya kufulia ulikuwa ukinyonya povu kurudi bombani, jambo ambalo hutokea msukumo wa bomba kuu unapoanguka, na povu hilo lingeweza kuishia kwenye kikombe cha jirani. Sasa povu limetulia ndooni.

Kasoro ipo. Mwezi wa tatu chembe ya mchanga ilinasa kwenye springi, valvu ikawa haifungi sawasawa mpaka ilipofunguliwa na kusafishwa. Kwa bei niliyolipa, nilitarajia chujio.

Muuzaji alidai inatosha hata kwa pipa la kuchanganyia dawa ya mikorosho. Sikubaliani naye: kwa sumu, valvu moja haitoshi, na ni salama zaidi mdomo wa bomba ukae juu ya ukingo wa pipa kwa angalau mara mbili ya kipenyo chake, bila mpira wowote kuzamishwa.