Uzoefu wangu: HIFU pamoja na sindano za homoni kwa saratani ya tezi dume

Kila anayeniuliza kuhusu HIFU, yaani matibabu ya kuunguza saratani kwa mawimbi ya sauti, anaanza na swali la maumivu, jamani haiumi, unalazwa usingizi halafu kifaa kinapitishwa njia ya haja kubwa, kinapeleka mawimbi ya sauti kwenye ule uvimbe tu, joto pale linapita nyuzi 60 na seli zinakufa, hakuna kisu wala kovu. Kilichonisumbua ni mpira wa mkojo, nilikaa nao wiki nzima, usiku hata kugeuka naogopa.

Ila sikuanzia hapo. Tezi yangu ilikua kubwa, daktari akasema mawimbi hayatafika vizuri mbele, bora tuisinyaze kwanza kwa homoni. Nikapewa vidonge vya bicalutamide, vya kuzuia testosteroni (homoni ya kiume) isifanye kazi, kabla ya sindano, maana sindano ya kwanza inapandisha testosteroni kidogo ndo baadae inaishusha, na saratani hii inakula testosteroni.

Hizo homoni ndo zilinitesa kweli. Umekaa tu joto linapanda kifuani mpaka usoni, shuka linalowa jasho, matiti yanauma, mwili umechoka na hujafanya kazi yoyote, na hamu ya tendo la ndoa ikaisha kabisa, yaani kabisa. Mimi nilichelewa kumwambia mke wangu akadhani nimemchoka, iliniuma sana. Ndugu yangu mwambie mapema, na ikiwezekana nenda nae kwa daktari asikie mwenyewe.

Kitu kingine ambacho sikuelewa ni PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume. Ilishuka karibu na sifuri nikapiga simu kwa watu nimepona, kumbe homoni zenyewe zinaishusha hata kama kuna seli zimebaki. Daktari akaniambia tusubiri dawa iishe mwilini na testosteroni irudi, hapo ndo namba itasema ukweli, na hata hapo bado picha ya MRI na kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi kinachotolewa na kupimwa. Kusubiri kule kulikua kugumu kuliko matibabu yenyewe.

Sio kila mtu anafaa, kama saratani imeshatoka nje ya tezi HIFU peke yake haitoshi, na wengine wanafanyiwa bila homoni kabisa kwahiyo uliza kwanini wewe unapewa. Mimi ningerudia. Nguvu zimerudi, mkojo naumudu, kinyama kilitoka safi, PSA napima tena baada ya miezi 3.