Seti ya kusafishia gia za baiskeli: miezi mitano baadaye, brashi imeishinda dawa

Nianze na dalili, maana ndizo zilizonitoa hela mfukoni. Kila nikitaka kuhamia spoketi ndogo za nyuma (yale magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo), mnyororo ulikuwa unagoma. Nabonyeza, kimya. Nazungusha pedali mara mbili, tatu, halafu unaruka ghafla spoketi mbili kwa mpigo. Kupanda kwenda spoketi kubwa hakukuwa na shida hata kidogo. Juu ya hayo kulikuwa na mlio wa kukwaruza usiokoma, kama mtu anayesaga mchanga kwa meno.

Kama kawaida yangu nikakimbilia bisibisi. Nikazungusha skrubu ya kurekebishia waya, nikachezea na zile mbili zenye alama za H na L, zinazouwekea mnyororo kikomo kila upande, ambazo hazikuwa na kosa lolote, nikaharibu hata kilichokuwa kizima. Siku nilipopiga magoti na tochi ndipo nikaona. Zile roda mbili ndogo za kibadilisha gia (ule mkono unaoning'inia chini ya spoketi za nyuma), ambazo mnyororo hupita kati yake kwa umbo la S, zilikuwa hazionekani meno. Zimefunikwa na tope jeusi lililokauka kama lami. Nililikwangua kwa ukucha, kikabanduka kipande kizima, na upande wake wa ndani kimechorwa jino moja moja kama ufizi wa meno ya bandia.

Nikaagiza seti. Jina la kampuni naliweka kando kwa sababu seti za aina hii zinafanana sana: chupa ya kupuliza ya dawa ya kukata grisi, chupa ndogo ya mafuta ya mnyororo yenye nta, brashi tatu, na kile kisanduku cha plastiki kinachoubana mnyororo ili ujisugue humo ndani unapozungusha pedali kinyumenyume. Nimeitumia miezi mitano, kila baada ya wiki mbili hivi, kwenye baiskeli ya gia 9 za nyuma inayokula vumbi jingi na mvua ya hapa na pale.

Dawa inafanya kazi, sitaki kuidhulumu. Ukiipaka na kusubiri dakika tano, lami inakuwa uji. Tatizo ni kile kichwa cha kupulizia. Maelezo ya kwenye chupa yanakwambia upulize kwenye gia zote halafu usuuze kwa maji, basi. Mara ya kwanza nikafanya hivyohivyo, na ukungu wake ukasambaa hadi kwenye spoku, kwenye tairi, na nina hakika hadi kwenye diski ya breki, maana jioni ile breki ya nyuma ilipiga kelele kama filimbi. Diski ikabidi niifute kwa spiriti na kitambaa kipya. Kisha kuna beringi. Dawa inayokata grisi haichagui: ikipenya kwenye kitovu cha gurudumu au ndani ya roda zenye beringi, inakata na grisi uliyokuwa unaitaka. Siku hizi naimimina kidogo kwenye kikombe cha zamani, nachovya brashi, nasugua. Chupa ambayo ilikuwa iishe kwa mwezi bado ipo.

Na niseme ukweli ambao muuzaji hataupenda: kama uchafu haujawa lami, sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu vinatosha kabisa.

Brashi ndizo zilizonifanya nisijute. Mbili ni za kawaida, mswaki uliochakaa ungefanya kazi ileile. Ya tatu ina ncha mbili, upande mmoja nywele ngumu fupi, upande wa pili meno ya plastiki yaliyopinda kama kitana. Hayo meno yanaingia katikati ya spoketi na spoketi, na yanapita kati ya roda na sahani za kibadilisha gia, pale ambapo nyuzi za nyasi na nywele hujisokota ukadhani roda imekufa. Unaliegemeza jino la brashi kwenye ubavu wa roda, unazungusha pedali kinyumenyume taratibu, na uchafu unatoka wenyewe umejikunja kama maganda ya penseli. Dakika mbili kila roda. Sijapata kitu kingine kinachonipa raha kama hiyo kwenye baiskeli ikiwa imesimama.

Kile kisanduku? Kinaosha mnyororo vizuri lakini kinavuja, na kikishavuja kinamwagia uchafu kibadilisha gia ambacho ndio kwanza umemaliza kukisafisha. Kama utakitumia, kianze kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa aibu yangu. Mara ya pili nikajitia fundi, nikazifungua roda zenyewe. Kwangu bolti zake ni za ufunguo wa pembe sita wa milimita 3 (kuna baiskeli zinazotaka ufunguo wa nyota, angalia kabla hujalazimisha). Roda ya juu ikatoka, nikaishika, nikaona inacheza kushoto na kulia kwenye ekseli yake. Nikaamini imekwisha, karibu niagize nyingine. Kumbe kwenye vibadilisha gia vingi huo mchezo umewekwa makusudi, ili roda ijisogeze kidogo na kujipanga yenyewe chini ya spoketi. Ya chini ndiyo inayotakiwa kutulia. Kwa hiyo ukizifungua zote mbili, zitenganishe mezani, usizichanganye, na kama zina mshale, mshale ufuate mwendo wa mnyororo unapoendesha kwenda mbele.

Mimi nilizichanganya. Nikarudisha ya chini juu. Na kana kwamba hilo halitoshi, nikaupitisha mnyororo upande usio sahihi wa kile kidole kidogo cha chuma kilicho kwenye kizimba (zile sahani mbili zinazobeba roda), katikati ya roda mbili, ambacho kazi yake ni kuuzuia mnyororo usichomoke. Kila kitu kilifunga vizuri, kikazunguka, gia zikabadilika. Ila mlio! Mnyororo ulikuwa unakula chuma kila unapopita. Niliendesha siku nzima nikiilaumu dawa. Usiku nikafungua tena, nikakuta kidole kimeng'aa upande mmoja kwa kusuguliwa. Ukimaliza kufunga, kabla ya kuipongeza nafsi yako, tazama kwa nyuma: mnyororo hautakiwi kugusa kitu chochote isipokuwa meno ya roda. Bolti usizikaze kwa hasira, zinaingia kwenye sahani nyembamba, lakini pia usiziache zimelegea maana roda ikidondoka njiani kizimba kinaweza kuingia kwenye spoku. Mimi naweka tone la gundi ya nyuzi za bolti.

Lakini roda safi zilimaliza mlio tu. Ile tabia ya kugoma kwenda spoketi ndogo ilibaki, na hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho hakikuandikwa kwenye boksi. Mwili wa kibadilisha gia ni msambamba, na kona zake nne ni pini nne zinazojikunja. Suntour, watengenezaji wa vipuri vya baiskeli wa Japani, waliuinamisha msambamba huo mwaka 1964 ili roda ya juu ifuate mteremko wa spoketi, na karibu vyote vya leo vinarithi umbo hilo. Kwenye kibadilisha gia cha waya cha kawaida, waya ndio unaokivuta kwenda spoketi kubwa. Kurudi kwenye ndogo hakuvutwi na mtu: ni springi peke yake inayokisukuma. Mkono wako una nguvu kuliko tope, springi haina. Ndiyo maana pini zikijaa uchafu unapanda bila shida na unashuka kwa kubembeleza.

Basi nikasugua kila pini kwa brashi yenye dawa, nikafuta, nikaacha ikauke, nikadondosha tone moja la mafuta kila kona. Moja. Kisha nikakishika kibadilisha gia kwa mkono, nikakisukuma ndani na kukiachia, ndani na kukiachia, mara ishirini hivi. Mara za mwanzo kilikuwa kinarudi kama mlango mzito. Za mwisho kilirudi kwa kishindo kidogo, tak. Pini zikatema maji meusi, nikafuta tena. Tone jingine kwenye ekseli ya kila roda kama ni ya bushi (kijibomba kisicho na gololi), siyo ya beringi zilizofungwa. Na kama chako kina kile kidude cha kukaza kizimba kisirukeruke kwenye mashimo, usikipe mafuta: kinafanya kazi kwa msuguano, ndani kina grisi yake.

Mafuta ya nta ninayapenda kwa vumbi. Hayanati, mnyororo unabaki mkavu ukiugusa. Ila yana masharti: yanataka mnyororo uliokauka kabisa, na yanataka saa kadhaa kabla ya safari, kwa hiyo napaka usiku. Mvua moja ya maana na yameondoka, lazima upake tena. Anayeendesha kwenye maji kila siku atafute mafuta mazito ya mvua, akijua kwamba atakuwa anafuta mara nyingi zaidi. Tone moja kwa kila rola ya mnyororo, zungusha, subiri, kisha futa sehemu yote ya nje hadi kitambaa kitoke karibu safi. Hilo la kufuta ndilo nililokuwa siliwezi. Lami ile niliyoikwangua kwa ukucha haikutoka barabarani peke yake, niliilea mwenyewe kwa kumwaga mafuta kila Jumapili juu ya mafuta ya Jumapili iliyopita. Na wale wanaopuliza kopo la kulegezea kutu kwenye mnyororo, nilikuwa mmoja wao: linanyamazisha kelele kwa siku mbili, halafu unabaki bila kilainishi chochote.

Ningeinunua tena? Seti nzima, hapana. Ningenunua ile brashi ya ncha mbili na chupa ya mafuta, nyingine ningeziacha dukani. Kwa seti nzima naipa nyota tatu kati ya tano, moja nimeikata kwa kile kichwa cha kupulizia, nyingine kwa maneno ya kwenye boksi kwamba gia "zitarudi kama mpya". Zangu zilirudi karibu. Kulikuwa na ugumu kidogo uliobaki kwenye spoketi mbili za mwisho, na huo haukuwa kwenye kibadilisha gia kabisa. Nilipouchomoa waya nikakuta umeota kutu ndani ya ganda lake, kwenye kile kipande kifupi kinachojikunja nyuma ya gurudumu. Waya mpya na ganda jipya, na mnyororo sasa unashuka kabla sijamaliza kubonyeza. Kile kisanduku cha kuoshea mnyororo kinahifadhi bolti.