Cowboy Carter ya Beyoncé: kwa mlioisikiliza mara moja mkaiweka pembeni

Haya watu wangu, karibuni tena. Leo zamu ya Cowboy Carter, albamu ambayo Beyoncé kaingia kwenye kantri, ule muziki wa magitaa wa Marekani. Niwaambie mapema kabisa, mimi kwa Beyoncé ni shabiki lialia, kwa hiyo mkiona nampendelea msishangae. Ila leo na lawama zipo, tena mbili, na ya pili inagusa mifuko ya watu.

Albamu ilitoka tarehe 29 Machi 2024. Nyimbo 27, dakika kama 78. Na siku ile mashabiki tuligawanyika vibaya sana. Ukikumbuka, tulikuwa tunatoka kwenye albamu yake Renaissance ya 2022, ile mdundo unaanza na haukuachii mpaka mwisho. Sasa mtu ana mzuka wa kucheza, anabonyeza wimbo wa kwanza, Ameriican Requiem: kinanda, magitaa, sauti zimepangwa juu ya sauti, dakika tano na ushee, na mwili bado haujatikisika. Wimbo wa pili gitaa na wanawake wanaimba kwa upole. Wa tatu, taratibu. Wa nne, mama anamwimbia mwanawe. Wa tano hata dakika moja haufiki. Mtu anasema, jamani, mbona tumeletwa kanisani? Anaruka mpaka Texas Hold 'Em, wimbo anaoujua tangu Februari, anaucheza, anazima simu. Basi, huyo kashatoa hukumu.

Tatizo ni kwamba karuka wimbo namba sita, na pale ndipo penye ufunguo wa albamu nzima. Unaitwa Smoke Hour. Na kweli ukiusikiliza kwa haraka utasema si wimbo: unasikia mtu anazungusha kitafuta stesheni cha redio. Zinapita sauti za wanamuziki wa zamani, wakiwemo Son House wa blues, Rosetta Tharpe wa gospel na Chuck Berry wa rock and roll, kila mmoja sekunde chache, kisha anaingia mzee Willie Nelson, mkongwe wa kantri, kama mtangazaji. Angalia aliowachagua. Hao watatu niliowataja wote ni Waamerika weusi, na wote gitaa ndilo lililowapa jina. Hajatoa hotuba yoyote. Kazungusha redio tu.

Yaani hii albamu imepangwa kama kipindi cha redio. Ina watangazaji: Willie Nelson, Dolly Parton, na Linda Martell. Ukijua hilo, vile vipande visivyofika hata dakika moja, ambavyo watu waliviita vya kujazia, vinapata kazi. Ni mtangazaji anakuandaa kwa kinachofuata.

Na kwa nini redio? Hapa nitasimama kidogo, maana ndiyo sehemu ninayoipenda. Februari 2024 Texas Hold 'Em ilipotoka, shabiki mmoja aliiomba kwenye kituo cha redio cha kantri kule Oklahoma, akajibiwa kwamba wao Beyoncé hawampigi, wao ni kituo cha kantri. Mashabiki wakakiwashia moto, na kituo kikaanza kuupiga. Muda si mrefu wimbo ukakaa namba moja kwenye chati ya nyimbo za kantri ya Billboard, na hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kufika pale kabla yake. Beyoncé mwenyewe aliandika kabla albamu haijatoka kwamba kazi hii ilitokana na tukio la miaka ya nyuma ambapo hakuhisi kakaribishwa. Tukio lenyewe hakulitaja, lakini wengi walihisi ni tuzo za CMA, zile za chama cha muziki wa kantri, za mwaka 2016, alipoimba na bendi ya The Chicks na baadhi ya watu wa kantri wakakasirika. Sasa mtu aliyekataliwa redioni kajenga redio yake, na utangazaji kampa Linda Martell. Bibi huyu mwaka 1970 alitoa albamu ya kantri, na ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake kwenye Grand Ole Opry, jukwaa maarufu la kantri. Albamu yake ya kantri ikabaki hiyo moja tu. Kwa hiyo anapokuja kwenye Spaghettii kuzungumzia mambo ya kugawa muziki kwa mafungu, na sauti yake inacheka kidogo, huyo ana haki ya kucheka kuliko sisi wote.

Turudi kwenye nyimbo. Jolene. Najua, najua, hapa ndipo tulipotukanana. Ule wa Dolly Parton wa 1973 ni mwanamke anaomba. Anambembeleza mwenzie asimchukulie mume, na uzuri wote uko kwenye ile hofu. Beyoncé kaugeuza, haombi, anaonya. Mimi naona kapoteza kitu. Ukitoa hofu ndani ya Jolene, unabaki na mtu anayejisifia tu, na kujisifia tunako kwenye nyimbo zake nyingine nzuri zaidi. Ila usiusikilize peke yake. Dolly mwenyewe anautanguliza, halafu ukiisha inaingia Daughter, ambapo ghafla ile jeuri inakuwa damu, na katikati Beyoncé anaimba Caro Mio Ben, wimbo wa Kiitaliano wa zamani, kwa sauti ya opera. Kwa mfuatano huo naukubali. Ukiwa peke yake, kumi napunguza nne.

Blackbiird nao watu waliuona ni wa kunakili tu, ati kwa nini aimbe wimbo wa Beatles. Sikilizeni. Paul McCartney kasema mara nyingi kwamba alipouandika mwaka 1968 alikuwa akiwafikiria wasichana weusi wa Marekani kwenye mapambano ya haki za kiraia. Beyoncé kachukua gitaa lile lile la kwenye rekodi ya kwanza, kisha kawaita waimbaji wanne weusi wa kantri: Tanner Adell, Brittney Spencer, Tiera Kennedy na Reyna Roberts. Hapo wimbo umerudishwa kwa wenyewe.

Nyingine nazipitia haraka. II Most Wanted na Miley Cyrus: zile sauti mbili zinakwaruzana vizuri sana, ni kolabo bora humu ndani. Levii's Jeans na Post Malone ni tamu, inapita, hainikai. Bodyguard, weka mwenyewe uone.

Halafu Ya Ya! Hapa niacheni. Miguu inapigwa sakafuni, gitaa linanguruma, anachukua kipande cha Nancy Sinatra, anachukua kipande cha Beach Boys, na anaimba kama ukumbi unaungua. Kama nitabakiza wimbo mmoja tu humu, ni huu.

Na nyie mliokuwa mnaililia Renaissance, mdundo wenu upo, ila mmeuficha wenyewe kwa kuondoka mapema. Anzieni Riiverdance, namba 23. Nyuzi zinachezewa kama za kijijini, chini yake mdundo wa klabu. Unaunganika na II Hands II Heaven, kisha Tyrant, ambapo fidla inakatwakatwa juu ya besi nzito mpaka unajiuliza nani alifikiria hivi.

Sasa lawama. Ya kwanza, urefu. Kuanzia Alliigator Tears hadi Just for Fun kasi inalegea, na wala nisingeona hasara kama nyimbo za hapo zingepunguzwa. Nyimbo 27 ni nyingi, hata kwa sisi mashabiki wake.

Ya pili ni ya wanunuzi. Nakala za mwanzo za santuri zilikosa nyimbo tano, zikiwemo Spaghettii na hiyo Ya Ya ninayoipigia kelele. Watu walilipa kabla, wakafungua, wakakuta kipindi kimekatwa. Hilo halina utetezi, na ushabiki wangu haulifuniki. Ukinunua santuri, hasa iliyotumika, soma orodha kwenye jalada kabla hujatoa pesa.

Tuzo mnazijua: CMA ya 2024 haikuiteua popote, na Februari 2025 Grammy ikaipa albamu bora ya mwaka na albamu bora ya kantri. Mimi naipa nane na nusu.

Ukitaka kuirudia, zima kwanza kile kitufe cha kuchanganya nyimbo, maana kwa albamu hii ni sumu. Huna dakika 78? Anza namba 19, The Linda Martell Show, uende bila kuruka hadi 26. Ukifika hapo ukawa bado huipendi, njoo kwenye maoni tugombane, nitakujibu. Na tuanze na Jolene, maana najua ndiyo mliyoijia.