Star Wars zile tatu za Anakin: muvi kali, ila hao Jedi (wapiganaji wenye nguvu za ajabu) mh!

Nimenunua boksi la DVD, ya 1999, ya 2002 na ya 2005, picha safi, sauti inagonga, hapo sina neno. Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimewanyima Jedi wenyewe.

Yaani kuiangalia ukubwani ni kitu kingine kabisa. Qui-Gon, Jedi mmoja, anafika sayari ya Tatooine anakuta dogo Anakin wa miaka 9, mtumwa, anampima damu, midiklorian (vijidudu vya kwenye damu vinavyoonyesha nguvu ya Jedi) zimepita 20,000, kesho yake dogo kashinda mbio, haya uko huru twende. Na mama je? Anabaki palepale kwa Watto, bwana wao! Eti dau la hizo mbio lilikuwa la mtoto tu. Sawa, lakini hekalu lote lile la Jedi kule sayari ya Coruscant likakosa namna ya kurudi kumkomboa mama mmoja? Miaka 10 inapita, na aliyekuja kumtoa utumwani ni mkulima tu wa kule jangwani, akamwoa kabisa (huyu ndo shujaa wangu, anaonekana dakika chache tu).

Halafu Baraza la Jedi linasema dogo kazeeka mno kuanza mafunzo, miaka 9 jamani! Maana wao wanawataka wakiwa wachanga, kabla hawajajua hata kusema sitaki. Mzazi karidhia, haya, mtoto kaulizwa na nani? Akimkumbuka mamake anaambiwa hiyo ni hofu, iache. Mi nna wa kwangu wa miaka 7, pale Anakin anapomuaga mamake nilisimamisha muvi nikaenda kunywa maji kwanza.