Dmitri Karamazov, kifunguamimba asiyegeuzwa malaika

Riwaya ya Fyodor Dostoevsky kuhusu ndugu wa Karamazov, iliyotoka kwa mfululizo katika jarida la Urusi mwaka 1879 na 1880, husifiwa zaidi kwa hoja za Ivan na upole wa Alyosha. Nilipoirudia kuisoma, niliona kwamba mzigo wake mzito umebebwa na kaka yao mkubwa, Dmitri au Mitya, mwenye umri wa miaka 28, ambaye hana falsafa wala utawa wa kujisitiria.

Mwanzoni ni vigumu kumpenda. Ofisa huyu wa zamani wa jeshi ni mwepesi wa hasira, hutapanya fedha, hugombana na baba yake kwa ajili ya urithi na mwanamke, na siku moja anamkokota kapteni mstaafu, fukara, kwa ndevu, huku mwana wa kapteni huyo akilia na kumsihi amwachie baba yake. Mitya hashughuliki na mtoto yule.

Kinachomfunua hasa ni kifuko alichokishona na kukining'iniza shingoni. Mchumba wake, Katerina, alimkabidhi rubo 3,000 azitume Moscow. Nusu yake akaiponda katika starehe za usiku mmoja, na nusu iliyobaki akaificha kifuani kwa mwezi mzima, akiamini kwamba maadamu anaweza kuirudisha, yeye ni mhuni lakini si mwizi. Anaposhukiwa kumuua baba yake, kuikiri siri hiyo kunamuuma kuliko tuhuma yenyewe, na wanaomhoji hawaelewi anachokionea aibu. Wanapomvua nguo, anaona haya kwa sababu ya vidole gumba vya miguu yake, ambavyo maisha yake yote amevihesabu kuwa vibaya. Sijui mwandishi mwingine ambaye angekumbuka vidole katika saa kama ile.

Baada ya mahojiano anasinzia juu ya sanduku na kuota kijiji kilichoungua, akina mama waliokonda na kitoto kinacholia, naye anauliza bila kukoma kwa nini kinalia. Msomaji anayemkumbuka mwana wa kapteni atatambua umbali aliokwisha kuutembea mtu huyu. Anapozinduka anakuta mtu amemwekea mto kichwani, na wema huo mdogo unamliza.

Kasoro ipo: hotuba za mawakili mahakamani ni ndefu kupita kiasi, na kwa kurasa nyingi Mitya anageuka kitu cha kujadiliwa tu. Hata hivyo, mwandishi hakukubali kumtakasa haraka. Akiwa amehukumiwa kwa kosa ambalo hakulitenda, Mitya anakiri kwamba hataweza kuvumilia walinzi wa Siberia wakimpiga, na anaukubali mpango wa kutorokea Marekani, nchi anayoichukia kabla hata hajaiona.