Nguo za mgahawa wa kifahari Disney World: nilizobeba kutoka Nairobi na zilizofaa

Jibu la haraka kwa mwenye haraka: mwanamume abebe suruali moja ndefu nyepesi, mashati mawili ya kola na viatu vya kufunika. Mwanamke abebe gauni moja la kitenge cha pamba linaloishia chini kidogo ya goti, viatu bapa na leso ya kujitanda mabegani. Kwa hayo mtakula kila mahali Walt Disney World, Florida, isipokuwa mgahawa mmoja ambao nitaueleza. Suti nzima ya harusi iache kabatini. Inakula nafasi ya begi, inakunjika, na jioni ya Julai huko itakupikia mgongo.

Kinachowachanganya wengi ni kudhani bei ya chakula na ukali wa mlango huenda pamoja. Haviendi. Mgahawa wa Cinderella's Royal Table uko ndani ya kasri lenyewe la Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za michezo za Disney, na bili yake inaumiza, lakini watu huingia na raba na fulana walizoshinda nazo juani. Le Cellier pale EPCOT na Tiffins ndani ya Animal Kingdom, bustani nyingine mbili, ni vivyo hivyo. Mradi nguo ilikuruhusu kuingia kwenye bustani, itakuruhusu kuketi mezani.

Sharti la mavazi linaanza kwenye migahawa ya kifahari iliyo ndani ya hoteli: California Grill, Jiko, Citricos, Narcoossee's, Flying Fish, Yachtsman Steakhouse. Hata huko si kali kama watu wanavyosimulia. Mwanamume anatakiwa awe na shati lenye kola na suruali. Jinzi safi inapita, na kaptula nadhifu ya kitambaa inapita pia. Koti ni hiari. Mwanamke ana uhuru zaidi: gauni, sketi, suruali, hata kaptula nadhifu. Kinachokataliwa ni vesti, nguo za kuogelea na vitambaa vya kufunika juu yake, kofia kwa wanaume, fulana zenye maneno au picha za matusi, na nguo iliyochanika. Hilo la mwisho ndilo huwakuta vijana wetu. Jinzi ya matobo magotini, hata kama uliinunua kwa pesa nyingi, kwa mtu wa mlangoni ni jinzi iliyochanika.

Sasa ule mgahawa mmoja. Unaitwa Victoria & Albert's, uko hoteli ya Grand Floridian, na mwaka 2024 ulipata nyota ya Michelin, tuzo kubwa ya migahawa. Mtoto aliye chini ya miaka 10 haingii. Jinzi, kaptula, sandali na raba haziingii. Mwanamume ni salama avae koti, suruali rasmi na viatu vya ngozi. Tai ni hiari. Mwanamke avae gauni ambalo angevaa kwenye arusi ya mchana pale Karen, mtaa wa kitajiri wa Nairobi. Kama huna nafasi uliyoweka hapo, usibebe koti kabisa.

Masharti hayo ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni njia ya kufikia meza. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na nguo zetu nyingi nzuri zimeshonwa kwa ajili ya asubuhi ya baridi. Orlando iko chini, kiangazi joto hufika nyuzi 33 na hewa imejaa maji, halafu alasiri mvua ya radi inashuka kama ndoo iliyopinduliwa. Ukitoka kwenye joto hilo unaingia mgahawa wenye kiyoyozi cha kugandisha mate. Kwa hiyo nguo moja inaombwa mambo matatu ndani ya saa moja: itoe jasho, ikauke upesi, na isikuache ukitetemeka ukisubiri supu. Polista inafeli la kwanza. Jinzi inafeli la pili, kwani ikilowa huwezi kuitegemea tena usiku huo. Kitani kinafaulu yote lakini kikikaa dakika kumi kwenye basi kinatoka kama karatasi iliyofinyangwa.

Kitenge cha pamba ndicho kilichonipa raha kuliko vyote, na makunyanzi yake yanajificha ndani ya maua. Lakini kinunuliwe kwa akili. Mtaa wa Biashara na Eastleigh, Nairobi, kumejaa vitenge vya polista vinavyong'aa kuliko vya pamba. Mwombe muuzaji uzi mmoja wa pembeni na uuchome kwa kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Polista inayeyuka, inajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Muuzaji akikataa kukupa uzi, hilo nalo ni jibu.

Kwa gauni la goti lenye mikono mifupi, yadi tatu zinatosha mtu wa mwili wa wastani. Kipande cha yadi sita kitatoa na shati la mwanamume, kama mnapenda kufanana. Kabla fundi hajashika mkasi, loweka kitambaa chote kwenye maji baridi usiku kucha, kianike kivulini, kipige pasi. Wanga wa kiwandani unatoka na rangi ya ziada inatoka. La muhimu zaidi, kitambaa kinarudi, yaani kinapungua urefu, mapema. Pamba isiyoloweshwa inaweza kurudi asilimia 3 hadi 5, na kwenye gauni la sentimita 110 hiyo ni mpaka sentimita tano na nusu. Lililokuwa chini ya goti linahamia juu ya goti baada ya kufuliwa mara moja. Fundi mwenye haraka atakuambia haina haja. Mpe kitambaa kikiwa tayari kimeloweshwa, umkate maneno.

Mambo mengine ya kumwambia fundi: bitana iwe kifuani tu, maana wengi huweka ya polista mwili mzima na kuua faida yote ya pamba. Zipu iwe ubavuni badala ya mgongoni, kwa sababu utabadilisha nguo peke yako kwenye choo chembamba. Mifuko miwili ya pembeni, yenye kina cha kumeza simu. Na pindo lisiguse chini. Mwenye kupenda dera, alipandishe juu ya kifundo cha mguu: kanuni za bustani zinakataza nguo inayoburuta ardhini, na michezo kadhaa unaipanda kwa kukanyaga mkanda unaotembea. Kanuni hizo hizo zinakataza mavazi ya maigizo kwa yeyote aliyefika miaka 14, kwa hiyo gauni la malkia ni la binti mdogo, la mama hapana.

Kwa wanaume, suruali ya sufu nyepesi iliyochanganywa na polista kidogo iliishinda ya kadeti. Kadeti ikinyeshewa inaonyesha kila tone na mapaja yanaganda. Ile ya sufu unaikung'uta na kusahau. Soko la mitumba la Toi, Nairobi, zimejaa, ukienda asubuhi marobota yakifunguliwa. Na suti ya Kaunda? Spika aliipiga marufuku Bungeni Novemba 2023, lakini huko Florida ina kola na suruali ndefu, basi sharti limetimia. Ya mikono mifupi, isiyo na bitana, ni vazi zuri ajabu kwa joto lile.

Ukihitaji koti kwa ajili ya Victoria & Albert's, la mitumba linatosha, na chini ya elfu moja na mia tano utapata safi ukijua kuzungumza bei. Pima mabega kwanza. Kiuno fundi atakipunguza kwa mshono wa mgongoni, mikono ataifupisha, lakini mabega yakizidi ni gharama kuliko koti lenyewe. Kisha bana kitambaa cha kifuani kwa vidole viwili na ukivute kitoke kwenye kile cha ndani. Kama vimeshikana kwa gundi na tayari kuna vipele vidogo kama ngozi ya chungwa, rudisha: mvua moja tu, vipele vitakuwa mapovu na hakuna pasi itakayovishusha. Mwisho, geuza kwapa nje unuse. Harufu iliyokaa kwenye bitana hurudi mwili ukipata joto, hata kama koti limefuliwa mara tatu.

Viatu ndivyo vilivyoniangusha. Vya mitumba vyenye soli nene nyepesi ya povu la polyurethane huonekana vipya kabisa, kwa sababu vilikaa kabatini miaka mingi bila kuvaliwa. Soli hiyo huozeshwa na unyevu polepole hata ikiwa imekaa tu, na siku ukianza kuitembelea inapasuka na kumwaga makombo kama mkate mkavu. Ibonyeze kwa ukucha kabla ya kulipa: ikibaki na alama au ikitoa unga, achana nayo. Soli ya mpira au ya ngozi iliyoshonwa haina ugonjwa huo. Na usitembelee viatu vya jioni mchana. Siku moja ya bustani inaweza kufika kilomita 15, na mguu uliovimba hauingii tena kwenye kiatu kilichokuenea asubuhi.

Kuhusu Jiko, Mkenya atacheka kidogo. Mgahawa uko kwenye hoteli ya Animal Kingdom Lodge, jengo la Jambo House, jirani na mwingine uitwao Boma. Jengo la pili ni Kidani Village, lenye mgahawa wa Sanaa unaotazamana na mbuga yenye twiga na pundamilia. Mambo ya kukumbuka hapo: Jiko ndilo lenye sharti la mavazi, Boma na Sanaa hayana. Nimeona watu wamejipamba kwa ajili ya Boma, ambako unajipakulia mwenyewe na mtoto wa meza ya pili anapita na sahani ya mchuzi usawa wa kiuno chako. Hoteli hii haifikiwi kwa treni wala kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye waya angani, ni basi au gari. Ikiwa mvua inatisha, shuka na koti la plastiki juu ya nguo, lipukute mlangoni.

California Grill ni kinyume chake. Uko ghorofa ya 15 ya hoteli ya Contemporary, na kutoka Magic Kingdom ni mwendo wa dakika kama kumi kwa mguu. Unajiandikisha chini, ghorofa ya pili, ndipo unapandishwa kwa lifti. Wakati wa fataki watu hutoka kwenye baraza ya nje, na upepo wa juu kule hauna adabu: sketi pana ya kupepea itakushughulisha mikono yote miwili. Hapa gauni la kitenge lililonyooka lilifanya kazi nzuri, na leso mabegani.

Beba nguo ya jioni ikiwa imeviringishwa ndani ya taulo nyembamba, ndani ya mfuko wa plastiki, uiweke kwenye kabati la kukodi mlangoni mwa bustani. Toka dakika tisini kabla ya muda wa meza, na ubadilishe kwenye vyoo vya hoteli, vile vya karibu na mapokezi. Vina nafasi na havina foleni. Pasi yako ya Nairobi iache nyumbani. Umeme wa Marekani ni volti 120, nusu ya wetu wa 240, na pasi yetu huko itatoa robo tu ya moto wake. Chumbani utakuta pasi na ubao wake.

Shati jeupe lina adui wa peke yake: mafuta ya kujikinga na jua. Mengi yana avobenzone, kemikali ya kuzuia miale ya jua, ambayo ikikutana na chuma kilicho ndani ya maji ya kufulia huacha doa la rangi ya kutu kolani, na dawa ya klorini hulizidisha. Oga kabla ya kulivaa, au vaa la samawati.