Mazoezi mawili ya Wastoiki: kujiandaa asubuhi au kujikagua usiku?

Marcus Aurelius, mtawala wa Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180 na mfuasi wa Ustoiki (falsafa ya kale inayofundisha kutawala hisia zako), alijikumbusha alfajiri kwamba siku hiyo atakutana na wadaku, wasio na shukrani na wenye kiburi. Kwako dakika tano zinatosha: taja kero moja au mbili unazozitarajia kweli, kama foleni au bosi mkali, kisha amua utajibuje. Ukitaja balaa bila kuamua utakalofanya, unajitia wasiwasi bure.

Seneca, mwanafalsafa Mstoiki wa Roma, alipendelea usiku. Taa ikishaondolewa na mkewe akinyamaza, aliipitia siku nzima bila kujificha chochote. Alimuiga Sextius, mwanafalsafa wa Roma aliyemtangulia, aliyeiuliza nafsi yake: leo umeponya ubaya gani? Umepinga kasoro gani? Umekuwa bora wapi? Wengi hapa huharibu kwa kujilaumu mpaka usingizi unaruka. Seneca alijionya asirudie, akajisamehe, basi. (Simu iwe mbali.)

Mwenye hasira za haraka aanze na la usiku. Baada ya siku chache ataona anachokozwa na jambo lilelile, mara nyingi saa ileile, na hilo ndilo la kujiandalia asubuhi. Akianza na la asubuhi, atakuwa anabahatisha.